Jinsi ya kutengeneza ndege ya mbio ya majini kwa stairofomu, na kuivuta kwa rimu ya baiskeli

Kama unataka kutengeneza modeli ya ndege ya majini usianze na mabawa. Anza na maboya, yale mawili ya chini yanayoifanya ndege ielee. Najua mabawa ndio yanavutia macho na kila mtu anakimbilia hapo, lakini ndege ya majini ni boti kwanza halafu ndio iwe ndege, na kama boti ni mbaya hutafika hiyo hatua ya pili. Hii hapa ni njia ya kuunda Supermarine S.6B, ndege ya mbio ya Uingereza ya 1931, kwa skeli ya 1 kwa 24, kwa vitu vya kupatikana Kisumu hapa hapa, na ukimaliza si ya kuweka tu juu ya kabati, ni ya kuvutwa majini mpaka uone vile inainuka. Mwisho nitagusia baiplani, maana kuna watu watataka ile yenye mabawa ya juu na chini na siwalaumu.

Kwa nini hii S.6B. Kulikuwa na mashindano yanaitwa Schneider Trophy, yalianza Monaco 1913, kombe lilitolewa na Mfaransa Jacques Schneider, na sheria kubwa ilikuwa lazima ndege itoke majini na irudi majini. Nchi ikishinda mara tatu ndani ya miaka mitano inabeba kombe milele. Uingereza ilishinda 1927 Venice na S.5, ikashinda 1929 kwao Uingereza pale Calshot na S.6, halafu 1931 serikali yao ikasema haina pesa ya mambo ya mbio, uchumi ulikuwa umeharibika, ndio mama mmoja tajiri Lady Houston akatoa pauni 100,000 kutoka mfukoni mwake. Wakati pesa zinapatikana muda umeisha wa kuchora ndege mpya, kwa hivyo mchoraji wao R.J. Mitchell akachukua S.6 akairekebisha, Rolls-Royce wakaikamua injini yao ya R kutoka kama nguvu farasi 1,900 mpaka 2,350, na tarehe 13 Septemba 1931 rubani Boothman akazunguka peke yake, maana Waitaliano na Wafaransa hawakuwa tayari, kwa wastani wa kilomita karibu 547 kwa saa. Wiki mbili baadaye rubani mwenzake Stainforth akavuka maili 400 kwa saa, yaani kama kilomita 655. Wakati huo ndege za kawaida za vita za Uingereza zilikuwa bado ni za mabawa mawili na mawaya kila mahali.

Na usidhani ndege za majini ni mambo ya wazungu wa mbali. Kisumu ilikuwa stesheni. 1927 barua zilijaribiwa kati ya Khartoum na Kisumu kwa baiplani ya de Havilland DH.50 iliyofungwa maboya, 1931 Imperial Airways, shirika la ndege la Uingereza, wakaanza safari zao na boti za kuruka aina ya Short Calcutta zikishuka hapa ghuba ya Winam zikielekea Mwanza, na kuanzia 1937 zikaja zile kubwa za Empire zilizokuwa zikienda mpaka Durban. Kwa hivyo ukisimama ufuo wa Dunga na modeli mkononi hufanyi kitu kigeni hata kidogo.

Sasa vitu. Stairofomu ile nyeupe inayofungiwa TV na friji, maduka ya vifaa vya umeme wanaitupa, omba tu, chagua yenye punje ndogo iliyoshikana, ile ya punje kubwa inapukutika. Fomu bodi ya milimita 5 kutoka kwa watu wa kuprinti mabango. Vijiti vya mishikaki. Gundi nyeupe ya mbao. Msasa namba 120 na 240. Kisu cha kukata karatasi na bleidi mpya, nasema mpya kwa sababu bleidi butu inararua stairofomu badala ya kukata. Tishu ya kawaida. Uzi wa nailoni wa kuvulia, mwembamba na mnene kidogo. Risasi za nyavu, zile wavuvi wanafunga chini ya wavu ili uzame, na ukizishika nawa mikono kabla hujala. Rangi ya maji ya ukuta kidogo, rangi ya mafuta ya buluu, na ile rangi ya fedha ya kupaka mageti. Soko la Kibuye utapata karibu yote ukizunguka bila haraka.

Supaglu iache nyumbani. Inakula stairofomu, utaona shimo linafunguka mbele ya macho yako. Rangi ya spray pia ni hivyo hivyo ikigusa stairofomu tupu.

Hesabu ya uzito kwanza

Hapa ndio wengi wanaruka na hapa ndio modeli nyingi zinakaa juu ya maji kama bata wa plastiki. S.6B halisi ilikuwa na bawa la mita 9.14 kutoka ncha hadi ncha na urefu wa mita 8.79. Gawanya kwa 24, unapata bawa la sentimita 38 na urefu wa sentimita 36 na nusu. Hiyo ni rahisi. Lakini uzito haugawanywi kwa 24, unagawanywa kwa 24 mara 24 mara 24, kwa sababu kitu kinapungua urefu, upana na kimo vyote pamoja. 24 mara tatu hivyo ni 13,824. Ndege ikiwa imejaa mafuta ilikuwa na kilo kama 2,760. Gawanya, utapata gramu 200. Stairofomu yako na rangi na vijiti vyote pengine havitafika hata gramu 100, kwa hivyo zinazobaki ni risasi za nyavu ndani ya bodi, yaani kiwiliwili cha ndege, na hizo ndizo zitafanya ikae majini kwa kina kinachofaa na isonge kwa uzito kama ndege ya kweli badala ya kurukaruka kwa kila wimbi.

Maboya mawili lazima yabebe hizo gramu 200 na yabaki na akiba. Kanuni nzuri ni boya mbili pamoja ziweze kubeba mara mbili ya uzito wa ndege, yaani kila boya liwe na ujazo wa sentimita za ujazo kama 200. Boya la urefu wa sm 30, upana sm 3 na kimo sm 3 na nusu, ukishalichonga pua na mkia linabaki na kama theluthi mbili ya ule mche wa mstatili ulioanza nao, inakuja karibu 210. Iko sawa kabisa.

Kuchonga maboya

Kata miche miwili ya stairofomu ya vipimo hivyo. Ikiwa kipande chako ni chembamba gandisha viwili kwa gundi nyeupe na uviache usiku mzima chini ya kitabu kizito. Chora umbo la ubavu kwenye katoni, ukate, ubandike pande zote mbili za mche kwa pini ili kisu kifuate katoni na pande zitoke sawa. Ukitazama kwa ubavu: juu ni karibu laini na inateremka kidogo mbele na nyuma, chini inaanza juu kwenye pua, inashuka mpaka katikati, halafu kuna ngazi, yaani inakatika ghafla milimita 4 kwenda juu, kisha inaendelea kupanda polepole mpaka mkia uwe mwembamba. Ukilitazama kwa mbele, chini si bapa, ni V pana yenye mkuku katikati. Hiyo V inapasua maji, bila hiyo kila wimbi litagonga kama kofi.

Ngazi hiyo ndio kila kitu, na ukitaka kujua kwa nini, nenda kwenye mfereji na kijiko. Fungua maji yatiririke taratibu, shika kijiko kwa ncha ya mpini kiwe kinaning'inia kama pendulamu, sogeza mgongo wa kijiko, ule upande uliobonyea nje, uguse maji kidogo tu. Ungetarajia maji yakisukume nje. Hayakisukumi, yanakivuta kijiko ndani na ukijaribu kukitoa unahisi kabisa yamekishika. Maji yakipita juu ya kitu chenye mkunjo laini yanafuata ule mkunjo na kukinyonya. Sasa fikiria chini ya boya lililochongwa laini kutoka pua hadi mkia: ndege inakimbia, inataka kuinuka, na maji yamenyonya mkia wake chini. Rubani anavuta mkono wa uendeshaji na hakuna kitu. Ngazi inakata huo mkunjo, maji yanafika pale yanashindwa kugeuka kona kali, hewa inaingia nyuma yake, na boya linaachiliwa. Kwa hivyo kona ya ngazi iwe kali kama ya sanduku. Usiipige msasa ikawa mviringo ati ipendeze, ukiilainisha umeiua.

Mahali pa ngazi: nyuma kidogo ya kitovu cha uzito cha ndege nzima, kama sm 1 na nusu nyuma. Ikiwa mbele ya kitovu ndege itakaa na mkia majini, ikiwa nyuma sana itakataa kuinua pua. Na pua ya boya ifike chini ya propela au ipite kidogo, kwa sababu propela inavuta kutoka juu na maji yanazuia kutoka chini, hiyo nguvu mbili zinataka kupindua ndege kifudifudi na boya refu mbele ndilo linalozuia.

Ukishachonga yote mawili yaweke ndani ya karai la maji kila moja na risasi za gramu 100 juu yake. Yazame karibu nusu na yawe sawa kwa sawa. Moja likizama zaidi piga msasa lile lingine, siku ya stairofomu tupu ndio siku ya kurekebisha, ukishapaka rangi ni shida.

Hapa kuna kitu kimoja nakipenda sana kuhusu hizi ndege. Injini kubwa ikizungusha propela upande mmoja, ndege yenyewe inataka kuzunguka upande mwingine, kwa hivyo S.5 na S.6 wakati wa kuondoka boya la kushoto lilikuwa likisukumwa chini majini. Mitchell akaweka mafuta ndani ya maboya, na boya la kulia likabeba zaidi. Yaani tenki la mafuta likawa pia ni mzani. Na bado S.6B ilipofungwa propela ndogo mwanzoni ilikuwa inazunguka tu majini kama mbuzi aliyefungwa kambani, haiondoki, mpaka wakarudi kwenye propela ya kipenyo kikubwa zaidi. Modeli yako haina injini kwa hivyo huna hiyo shida, gawanya risasi katikati tu.

Bodi

Hii haichukui muda. Mche wa stairofomu wa sm 36, upana kama sm 4 mahali pana zaidi, unachongwa kwa katoni za ubavu na za juu kama ulivyofanya maboya. Bodi ni nyembamba mno, marubani walikuwa wanaingia humo kwa kujibana. Kitu cha kuangalia ni pua: S.6 na S.6B zina vibonge viwili virefu juu ya pua kwa sababu injini ya R ni V12, silinda safu mbili. S.5 iliyozitangulia ilikuwa na injini ya Napier Lion yenye safu tatu za silinda nne nne, kwa hivyo pua yake ina vibonge vitatu. Ukiona picha ya zamani mtu ameandika S.6 na unahesabu vibonge vitatu, basi amekosea.

Acha tundu tumboni, chini ya bawa, la kuweka risasi. Utalifunika baadaye.

Mabawa

Kata bawa zima kwenye fomu bodi, sm 38, upana kama sm 6 na nusu, ncha ziwe za mviringo. Chubua karatasi ya upande wa juu, piga msasa mpaka bawa liwe nene mbele na jembamba nyuma, halafu rudishia karatasi ya kawaida na gundi nyeupe iliyochanganywa na maji kidogo. Liwe jembamba kweli, ile halisi ilikuwa nyembamba kwa sababu haikuwa na kitu ndani isipokuwa maji. Namaanisha maji ya injini. Radieta ya kawaida ingesimama kwenye upepo na kupunguza spidi, kwa hivyo ngozi yenyewe ya bawa ilitengenezwa ya tabaka mbili za bati jembamba na maji moto yakapita katikati yake, mafuta ya injini nayo yakapita kwenye mbavu za bodi, na kwa S.6B hata juu ya maboya kukawekwa radieta. Ndege nzima ilikuwa ni radieta inayoruka, na rubani alikuwa anaendesha jicho moja likiwa kwenye geji ya joto, ikipanda sana anapunguza moto hata kama anataka ushindi. Sisi hapa ziwa liko mita 1,134 juu ya bahari na jua la saa nane unalijua, sidhani hiyo injini ingefurahia Kisumu.

Bawa linapita chini ya bodi, kata nafasi yake, gandisha, na upime kutoka kila ncha ya bawa mpaka ncha ya mkia kwa uzi. Vipimo viwili vikilingana bawa limenyooka. Mikia kata kwenye fomu bodi hiyo hiyo, hakuna maneno.

Nguzo na nyaya

Kila boya linashikwa na nguzo mbili, moja mbele moja nyuma, za vijiti vya mishikaki vilivyopigwa msasa viwe bapa kama jani. Umbali kati ya maboya ni sm 9 hivi, katikati hadi katikati. Tengeneza kiti cha katoni cha kushika maboya sambamba, yaani yote yaangalie mbele kabisa, yakitofautiana hata kidogo modeli itakuwa inakwenda upande ukiivuta. Sehemu ya juu ya boya iwe sambamba na bawa.

Nyaya si urembo. Mwaka 1925 Mitchell alikuwa ametengeneza S.4, bawa safi bila waya hata moja, ndege nzuri ajabu kwa macho, ikaanguka majini Baltimore kabla ya mbio, rubani Biard akaponea chupuchupu. Ndege iliyofuata, S.5, akarudisha nyaya, na S.6 zikabaki nazo. Kwenye modeli fanya hivyo hivyo, zitafanya kazi kweli: uzi mwembamba wa nailoni kutoka boya hadi bawa, kutoka boya hadi boya kwa msalaba, na kutoka juu ya bodi hadi bawa. Toboa kwa sindano, pitisha uzi, weka tone la gundi, na ufunge kwa jozi, wa kushoto na wa kulia kwa wakati mmoja. Ukikaza upande mmoja kwanza umeshapinda ndege.

Kuziba na kupaka

Gundi nyeupe ikikaa majini inalainika, kwa hivyo haiwezi kuwa mlango wa mwisho. Panga hivi: tabaka la tishu moja moja na gundi iliyochanganywa na maji, ikauke, tena la pili kwa maboya. Msasa wa 240 kidogo. Rangi ya maji ya ukuta mara mbili, ikauke kabisa, kabisa yaani kesho yake. Halafu ndio rangi ya mafuta, tabaka jembamba jembamba, maana thina ikipata kaupenyo ka kufikia stairofomu itaila kwa ndani na hutajua mpaka ubonyeze. S.6B ilikuwa buluu na fedha. Ile iliyobeba kombe ni S1595, iko London kwenye jumba la makumbusho la sayansi pamoja na kombe lenyewe, na picha zake ni nyingi za kuangalizia.

Ikikauka weka risasi tumboni mpaka mizani ya jikoni isome gramu 200, na uzipange ili ukiibeba kwa vidole viwili chini ya bawa, theluthi ya kwanza kutoka mbele, ikae sawa bila kuinamisha pua. Ziba tundu.

Kisha jaribio ambalo si langu. Kwenye Schneider, kwa miaka mingi ndege ilitakiwa kukaa imefungwa majini saa sita bila kuzama kabla ya kuruhusiwa kushindana. Weka yako kwenye karai asubuhi, endelea na shughuli zako, rudi baada ya saa sita. Ikiwa imeinama upande mmoja, boya hilo linavuja, itoe, iache juani siku mbili, tafuta ufa, ziba, rudia.

Kuivuta

Wachoraji wa wakati ule hawakukisia maumbo ya maboya, walivuta modeli kwenye matangi marefu ya maji na kupima. Sisi tangi letu ni bwawa la kuogelea ukiruhusiwa, au ziwa upande wenye kina uliotulia. Ziwani nenda asubuhi kabla upepo wa alasiri haujaamka, usiingie kwenye maji ya kina kifupi yenye majani kwa sababu ya kichocho, uliza wavuvi kama viboko wako karibu na uwaamini wakikuambia wako, na gugu maji likiwa limefunga ufuo rudi nyumbani tu.

Mashine ni baiskeli. Ile ya kawaida nzito, igeuze kichwa chini, toa tairi la nyuma ubaki na rimu tupu, funga ncha ya uzi wa nailoni mnene kwenye rimu. Mzunguko wa rimu ni kama mita 1.9, na pedali ikizunguka mara moja gurudumu linazunguka kama mara mbili na nusu, kwa hivyo kila mzunguko wa pedali kwa mkono unameza karibu mita 5 za uzi. Pedali moja kwa sekunde ni mita 5 kwa sekunde. Vidole mbali na spoku, na watoto wasisimame upande wa rimu.

Hiyo mita 5 inaonekana kidogo lakini kuna hesabu ya Mwingereza William Froude wa karne ya 19 aliyekuwa akipima meli: spidi ya modeli unaizidisha kwa kipeuo cha pili cha skeli, yaani namba ambayo ikijizidisha yenyewe inatoa 24, ni kama 4.9. Kwa hivyo mita 5 kwa sekunde ni sawa na ndege halisi kukimbia kilomita karibu 88 kwa saa majini. Haitoshi kupaa, inatosha kuona ngazi ikifanya kazi.

Uzi usiufunge kwenye pua ya bodi. Tengeneza uzi wa V kutoka nguzo za mbele za kushoto na kulia, zikutane mbele ya propela, hapo ndio ufunge uzi mrefu. Mtu mmoja ashike mkia, mwingine azungushe. Anza polepole. Kwanza modeli inalima maji, pua inapanda, maji yanaruka kando na uzi unakuwa mzito mkononi, unahisi kabisa kama umenasa. Usisimame hapo. Ongeza kidogo na ghafla uzi unakuwa mwepesi, pua inashuka, ndege imekaa juu ya ngazi, maji nyuma ya ngazi yamekatika safi na mkia wa boya uko hewani. Ikianza kudunda mbele nyuma kama farasi, sogeza risasi mbele kidogo. Ikivutwa upande, angalia kama maboya ni sambamba kabla hujalaumu upepo.

Simamisha pedali mapema, mita kadhaa kabla ya ukuta, haina breki.

Wale wa baiplani

Tengeneza Gloster IV ya 1927. Maboya ni kanuni ile ile, ingawa ujazo upige upya kwa uzito wake. Henry Folland aliichora, yeye ndiye baadaye alichora ndege ya vita Gladiator, na ndani kuna Napier Lion ile ya vibonge vitatu, na ujanja wake ni kwamba bawa la juu linajikunja chini na kuungana na bodi kwenye vibonge vya silinda, hakuna nafasi ya upepo kupita katikati. Pale Venice rubani Kinkead alizunguka kwa zaidi ya kilomita 440 kwa saa kabla ya kulazimika kuacha, ambayo kwa ndege ya mabawa mawili ni kitu cha kustaajabisha. Mwaka uliofuata aliuawa kwenye S.5 akitafuta rekodi pale Calshot.

Ugumu wa baiplani ni kupanga mabawa mawili. Usijaribu kwa jicho. Kata vipande viwili vya katoni ngumu, kila kimoja na mifereji miwili, wa juu na wa chini, mmoja ukiwa mbele kidogo ya mwingine kama picha inavyoonyesha, simamisha katoni hizo kushoto na kulia, chomeka mabawa, halafu ndio ugandishe nguzo, ni moja pana kila upande. Usitoe katoni mpaka nyaya zote za msalaba ziwe zimefungwa na gundi imekauka. Na kwa modeli hii paka rangi mabawa kabla ya kuyaunganisha, la sivyo brashi haitafika pale katikati na utabaki na doa la stairofomu nyeupe linalokukodolea macho kila ukipita.